Aliyehamishwa Bila Kuhama: Obdulia Perpetua Anchundia Mero (1951–2024)

Marehemu Obdulia Perpetua Anchundia Mero alizaliwa tarehe 7 Machi 1951 hapa Boca de Tigua, mkoani Manabí, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Don Ulpiano Anchundia, mfyatua matofali, na hayati Doña Edelmira Mero, msusi wa kofia. Majina yake yote manne yamesomwa kwa makusudi. Marehemu hakupenda yakatwe, na waliohudhuria wataona sababu.

Alisoma shule ya msingi ya watawa hadi darasa la nne. Mtawa wa ushonaji hakumpa msichana kalamu mpaka awe amelitarizi jina lake kwenye kitambaa, kwa hiyo marehemu alijifunza kuandika kwa sindano. Hadi uzeeni sahihi yake ilikwenda hivyo hivyo: mbele kidogo, nyuma kidogo, kila herufi imeshikwa na mwenzake, majina manne bila kuruka hata moja. Siku moja kwenye foleni ya vitambulisho watu wa nyuma walinung'unika, naye akawajibu bila kugeuka, "Jina nilipewa zima, nalitoa zima."

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na hayati Don Segundo Leonidas Delgado, dereva wa lori la ndizi. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, Vinicio, ndiye anayewasomea wasifu huu. Alibatizwa mwaka 1974, na baba yake wa ubatizo ni Don Eliécer Pinargote, wakati huo muuza dawa za mifugo. Tangu siku hiyo marehemu alimwita Don Eliécer kompadre, na kompadre hafukuzwi mlangoni, hata awe nani.

Marehemu alikuwa mshonaji kwa miaka hamsini na tatu. Alishona sare za shule, magauni ya komunyo, na kila uchaguzi ulipokaribia, fulana za kampeni za Don Eliécer. Mwaka 1988 zilikuwa za kijani. Baadaye zikawa za njano, kisha buluu, kisha rangi ya chungwa. Kila alipoleta kitambaa kipya, Don Eliécer alieleza kwamba chama ndicho kilichobadilika, moyo wake ni ule ule. Marehemu alimsikiliza huku akipima mabega.

"Moyo siuoni, kompadre," alisema. "Mimi naona fulana."

Mtaa wetu wa Las Cañas haukuwa na kauli moja juu ya jambo hili, na haki itendeke, isemwe. Doña Auxiliadora, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akisema mwanasiasa asiyehama ni mvivu, kwani atatuletea nini akikaa na chama kisicho na serikali? Hayati Don Segundo naye aliamini hivyo hadi alipofariki mwaka 2009. Na kweli, wakati wa buluu bomba la maji lilikuja. Lilifika kwenye uwanja wa mpira, likasimama pale, na pale lipo mpaka leo, hatua arobaini kutoka mlango wa marehemu.

Kwa ajili ya maji hayo, marehemu alipita nyumba kwa nyumba mara tatu, mara moja kwa kila chama baada ya kijani, akiwa na karatasi ya kuomba maji aliyopewa na kompadre wake. Watu sitini na tatu walitia sahihi kwa sababu ni yeye aliyebisha hodi. Juu palikuwa na ombi la maji. Kurasa za chini hakuna aliyezifunua, wala yeye.

Tarehe 23 Septemba 2013 alikwenda ofisi ya uchaguzi kuuliza kituo chake cha kupigia kura. Karani akatazama kompyuta, akamwambia kwa heshima, "Mama, wewe ni mwanachama wa chama cha rangi ya chungwa. Kabla ya hapo buluu, kabla ya hapo njano. Umehama sana."

"Mimi?" akasema marehemu. "Mwanangu, mimi sijahama hata chumba."

Alirudi kwa miguu. Nyumbani waliokuwapo wanasema hakulia kwa ajili yake mwenyewe. Alilia kwa ajili ya wale sitini na tatu, kwa kuwa karatasi ya maji, yenye fomu ya chama chini yake, ilipita mkononi mwake, naye aliona aibu kuliko aliyeitunga. Kesho yake alianza upya nyumba kwa nyumba. Alimwambia kila mmoja alichofanyiwa na nani, kisha akawapeleka kundi kwa kundi kujiondoa. Wako waliomtukana. Alikubali matusi akaendelea. Mwisho alipata cheti kinachosema hana chama chochote, akakitia kioo na kukitundika ukutani, karibu na Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Don Eliécer alipoulizwa alisema vijana wa ofisini walichanganya karatasi. Marehemu hakubishana. Alimmiminia kahawa, akaondoa kalamu mezani. Kwa miaka kumi iliyofuata, kompadre alipopiga hodi, kalamu zote za nyumba ziliingia kwenye droo ya cherehani kabla mlango haujafunguliwa. Watoto walicheka. Aliwaonya: "Huyu akiisifu kahawa yangu mara moja, ana kiu. Akiisifu mara ya pili, ana karatasi mfukoni."

Ijumaa ya tarehe 2 Februari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi kilichoua mkono wake wa kulia. Hakushika tena sindano wala kalamu. Don Eliécer alikuja kumwona mara nne, na binti wa marehemu, Narcisa, anakumbuka kwamba aliisifu kahawa mara mbili, ingawa marehemu hakuweza tena kuipika.

Mwanzoni mwa Juni alimwita Vinicio. "Nenda ukanitazamie jina," alimwambia. Vinicio alikwenda Jumatano tarehe 5. Kompyuta ilionyesha kwamba mama yake aliingia chama kipya cha zambarau tarehe 19 Aprili, wakati ule mkono ukiwa umekufa miezi miwili na nusu. Sahihi ilikuwa fupi, imenyooka, ya mtu mwenye haraka: O. Anchundia.

Njiani Vinicio aliamua kumficha mama yake habari hiyo. Alipoingia chumbani alitengeneza mto kwanza, akafungua dirisha, akauliza kama amekula. Marehemu alimtazama mpaka akamaliza yote hayo.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Zambarau, mama."

Alicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Kisha akaagiza wino. Barua ya kujiondoa aliitia dole gumba la kushoto mbele ya mashahidi wawili, ikapelekwa Jumatatu tarehe 10. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jibu. Kwa hiyo leo tunamzika mwanachama wa chama ambacho hakukijua, na jambo hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kulisema. Bendera ya zambarau iliyoletwa jana ifunike jeneza imerudishwa. Stakabadhi ya barua iko mfukoni mwa gauni lake.

Ameacha watoto watatu, Vinicio, Narcisa na Wilton, wajukuu saba, dada yake Doña Hermelinda, Doña Auxiliadora, ambaye jana alikwenda mwenyewe kutazama jina lake, akalikuta huko huko kwenye zambarau, na kompadre wake Don Eliécer Pinargote, aliyeketi safu ya pili, ambaye aliomba kusema machache na familia haikuona nafasi.

Kitabu cha rambirambi kiko mlangoni, na kalamu anayo Narcisa. Hakuna karatasi chini ya karatasi. Kabla ya kutia sahihi mnaombwa mfunue mtazame, kama yeye angetamani tufanye.

Apumzike kwa amani, na jina lake lipumzike pamoja naye, lote: Obdulia Perpetua Anchundia Mero.