Mama Mifupa na Kipimo Kisichoyumba

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga. Mimi ni kitinda mimba, ndimi niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake, na najua angekuwepo angenikatiza kila sentensi anisahihishe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kuhitimu shahada ya udaktari wa mifugo mwaka 1986. Aliajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa kuku, chumba chenye friji za kunguruma, akishughulikia ugonjwa unaopinda miguu ya vifaranga. Huko ndiko alikopewa jina la Mama Mifupa.

Tarehe 12 Desemba 1989 aliolewa na shemeji yetu, fundi seremala. Mezani kwao mfupa wa kuku haukutupwa kabla hajaukagua. Shemeji alikuwa akilalamika, "Jamani, nile au nikusanye sampuli?"

Mwaka 2019 alipata pigo. Ili kujua ni jeni gani imezidisha kazi ndani ya mfupa mgonjwa, watafiti huilinganisha na jeni nyingine ambayo kazi yake haibadiliki. Yeye alitumia ile iliyozoeleka na wote, kisha akagundua kwamba kwenye mifupa migonjwa nayo hupanda na kushuka. Ni kama kumpima mtoto urefu kwa alama ya ukutani, kumbe ukuta wenyewe unasogea. Makala ilikuwa tayari kuchapwa, akaiondoa mwenyewe. Kazi ya miaka mingi, pamoja na shahada ya uzamivu ya binti mmoja, mwanafunzi aliyekuwa akimsimamia, vikaning'inia.

Januari 2021 figo zilianza kumsumbua. Tukimwambia apumzike, anakuja juu: "Nipumzike vipi, na watu wanataka kujenga juu ya kosa langu?" Alijaribu jeni kadhaa kwenye mifupa mizima na migonjwa, akabaki na mbili zilizotulia kote, kisha yeye na yule binti wakapima kila kitu upya.

Tarehe 2 Machi 2022 yule binti aliingia wodini alikolazwa dada, akihema. "Mwalimu, matokeo yamesimama! Moja tu ndilo limeanguka."

"Hilo lifuteni," akasema, akacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Mimi nililia kwa furaha. Alifariki tarehe 6 Machi, usingizini, bila maumivu. Tuna huzuni, ila mioyo yetu ni myepesi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, wadogo zake wanne, na binti mmoja wa maabara ambaye sasa ni daktari. Maisha yake yote tulimsihi apumzike, akatukatalia. Safari hii amekubali mwenyewe. Tumwache alale kwa amani.