Migagani Mliyoing'oa Nikiwa Hai

Sogeeni, wanangu, na wewe seremala, kifungua mimba wangu, weka simu chini, maana leo sisemi mara mbili. Kifua hiki hakina tena pumzi ya kumbembeleza mtu. Niinueni kidogo, hivyo, mto uwe mgongoni.

Juzi mlinitoa hospitali, mkanipitisha uani, nikaona ardhi tupu. Tuta langu la migagani halipo. Nikauliza, na binti yangu fundi cherehani akanijibu bila haya kwamba mlikuwa mnasafisha uwanja, majani yamekuwa marefu, na watu watakuja. Watu gani? Nikaviona viti vya kukodi vimepangwa ukutani, ndipo nikajua ni waombolezaji wangu. Jamani, mtu hajafa mnamtandikia mkeka wa kilio. Hasira iliyonishika pale ndiyo iliyonifikisha leo. Bila hiyo ningekuwa nimeshakwenda zangu.

Sikilizeni niwaambie mlichong'oa. Nilikozaliwa mimi, nchi ya juu yenye mawe na mvua ya kubahatisha, hatujui kabichi. Tunakula mgagani pamoja na uchungu wake, na kila mwanamke huchagua miche iliyonona kuliko yote, asiichume hata jani, akaiacha irefuke, itoe maua na maganda, ianze kukauka imesimama, kwa sababu hiyo ndiyo mbegu ya mwakani. Huku bondeni kwa baba yenu mbegu hutoka dukani ndani ya pakiti, kwa hiyo mkiona mmea mkavu mnaona takataka. Nilipoletwa hapa bibi harusi, mawifi zangu waliiita mboga yangu majani ya mbuzi, nami nikaipanda hivyo hivyo. Mwaka ule kabichi zote zilipooza shambani, ni hayo majani ya mbuzi yaliyowalisha nyinyi. Asante ya punda ni mateke.

Aliyesimama mbele ya jembe ni mmoja tu: mke wa kitinda mimba wangu, mtu wa ziwani, huyu mnayemcheka kwa mlenda wake mkisema anakula kamasi. Kwao nako huacha mboga ikomae kwa mbegu, kwa hiyo alijua anachokiona. Mkamsukuma. Akaiokoa miche michache ya kando ya bafu, na mpaka leo anashinda pale akifukuza kuku. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini nyinyi mgeni wenu mnampiga kikumbo.

Basi, nyumba gawaneni, sina neno. Uani, kutoka bafuni hadi ukutani, ni pa mkwe wangu. Seremala, usinitolee macho, wala usiniambie huyu si damu yetu. Damu yangu ndiyo iliyoshika jembe. Atakayeng'oa kitu pale bila ruhusa yake, radhi yangu hana.

Maji kidogo... Inatosha. Hasira inaniishia, na nguvu nazo. Mungu awape uzima nyote, hata wewe seremala, awajalie sahani moja na mioyo myeupe. Mkwe, mwanangu, kaa hapa karibu. Yale maganda marefu ya mbegu, yakianza kugeuka njano usingoje yakauke, yatapasuka yamwage kila kitu. Yachume asubuhi, kabla jua halijawa kali. Uyaanike kivulini, juu ya... juu ya kitambaa...

Nimechoka. Nyinyi wengine, yaliyobaki mtamwuliza yeye. Kwa adabu.