Bi. Kiende na Mito Arobaini ya Manyoya

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bi. Kiende Gitobu, mkuu wa chumba cha nguo katika hoteli yetu ya Mgunga, Isiolo, atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Faili lake ofisini ni jembamba. Lina barua ya ajira, vyeti viwili vya mfanyakazi bora na barua moja ya onyo. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nijitolee kuandika wasifu huu.

Alianza mwaka 1994 akifua shuka kwa mikono. Mito yote wakati huo ilikuwa ya sponji, imejaa mabonde. Mwenye hoteli alipokubali kununua ya manyoya ya bata, alimtuma Bi. Kiende Nairobi akachague, na nadhani wauzaji hawajamsahau. Kila mto aliukunja katikati akauachia. Usiporudi upesi katika umbo lake, aliuweka kando. Kisha aliulalia kwa shavu kutafuta vijiti vya manyoya vinavyochoma, akaunusa, akaupiga kofi kuona kama kitambaa kinavuja. Alikagua zaidi ya mia ili apate arobaini.

Utunzaji wake sote tunaujua, maana sote tumegombezwa. Mto hutikiswa kila asubuhi, huvalishwa foronya mbili kwa sababu ya vumbi letu, na hufuliwa mara mbili kwa mwaka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Haukamuliwi hata kidogo. Hulazwa juu ya kitanda cha kamba siku tatu au nne, ukigeuzwa na kupapaswa hadi madonge ya ndani yaachane.

Mzee Kuno, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Merti, kwa miaka mingi aliuweka mto kitini akalalia kikoi chake kilichokunjwa. Bi. Kiende hakumcheka. Alifumua mto mmoja, akapunguza manyoya nusu, akaushona upya. Siku hizi mzee akipiga simu huuliza kama mto wake upo kabla ya kuuliza kama kuna chumba.

Sasa ile barua ya onyo. Ni ya Agosti 2011. Bi. Kiende alikuwa ameenda Maua kwa mazishi, akaiacha mito iliyofuliwa imelala kwenye vitanda vya kamba. Mfanyakazi mmoja alitaka ikauke haraka kabla ya wageni wa semina kufika, akatundika kumi na miwili juu ya ua wa miiba, kama tunavyoanika nguo nyumbani. Upepo wa mchana ukaja. Miiba ikachana vitambaa, manyoya yakavuka barabara, na mbuzi wa jirani wakatembea na manyoya ya bata mgongoni kwa siku tatu.

Meneja wetu, Bw. Kithinji, aliapa kumfukuza mhusika. Bi. Kiende alirudi jioni hiyo, akaenda ofisini moja kwa moja, mkoba ungali begani, akamwambia, "Ni mimi nilisema ianikwe hapo. Andika jina yangu." Akaandikiwa onyo, na mwaka huo cheo cha msimamizi wa vyumba kikaenda kwa mwingine.

Mfanyakazi yule nilikuwa mimi, Abdinasir wa mapokezi. Nilikuwa na wiki tatu kazini, na mama yangu kule Biliqo hakuwa na mwingine wa kumtegemea. Bi. Kiende alilijua hilo. Alinipa sindano, tukakaa kushona kilichoweza kuokolewa. Nimenyamaza miaka kumi na minne, mwanzo kwa woga, baadaye kwa aibu.

Bw. Kithinji, naomba barua hiyo itolewe kwenye faili lake kabla ya Ijumaa, iwekwe kwenye langu. Mama Kiende, asante kwa kazi uliyonihifadhia. Mungu akupe afya na mapumziko yenye furaha, na uondoke hapa na jina lako safi.