Filamu ya Wanyonge na Mechi ya Saa Kumi

Mimi ndiye mwenye birika la kahawa hapa kijiweni, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli tunayemwita Spana, kwa hiyo porojo zote huishia masikioni mwangu. Leo Spana kaja macho mekundu. Jana kaangalia na mkewe na wanawe ile filamu ya katimu kanyonge kanakochukua kombe, kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne kalia. Binti yake naye ana mechi leo saa kumi. Kamwomba baba yake aende, baba kasema kazi zimembana. Kazi yenyewe ni kikombe cha tatu hapa kwenye benchi langu.

— Mtu mzima na masharubu yako unalia filamu? — Mkasi, kinyozi wetu, akamchokoza.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wanangu walitaka kulia, nikawachelea, nikalia mimi.

— Methali hiyo umeivaa nyuma mbele! — akadakia Wakili, fundi cherehani asiyewahi kukanyaga mahakamani. — Filamu hizi zinapendwa kwa sababu kila nyumba ina mnyonge wake. Baba anajiona, mama anajiona, hata bibi anajiona.

— Wapi! Ni mvua, — akasema Mkasi. — Fainali lazima inyeshe, wababe wateleze. Aliye juu mngoje chini.

— Kwa hiyo sisi tukitaka kutoboa maisha tungoje masika? — Wakili akamuuliza.

— Nyie hamjui kitu, — Spana akawakata. — Siri ni yule kipa, namba kumi na nne, glavu zimechanika. Baba yake anafika dakika ya mwisho, anasimama pale kwenye uzio. Mtoto akimwona tu...

Akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, uso ukawa mweusi.

— Shikamooni.

Binti yake, kumbe yuko nyuma yetu, jezi kaikunja kwapani.

— Baba, na mimi navaa namba ngapi?

Spana akanitazama. Nikatazama birika. Mkasi na Wakili, wenye majibu ya dunia nzima, wakainamia vikombe vyao.

— Kumi na tisa, — akajibu binti mwenyewe, bila hasira, na hapo ndipo iliponiuma. — Ila usijali, baba. Hata sichezi. Kila mechi nakaa benchi.

Spana akainuka, akafunga kibanda na baiskeli ya mteja ikiwa ndani, haina gurudumu.

— Benchi? Kazi hiyo naijua, mwanangu. Twende tukakae wote.