Mpima Ardhi Aliyeshika Fimbo Wateja Walipokuja

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshonaji nguo, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba. Mimi ni mdogo wake wa kumfuata. Ameniagiza nisome haya bila kuyapaka sukari.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana. Mwaka 1972 aliingia chuo cha upimaji, mwanamke pekee darasani na mweusi pekee. Siku ya kwanza mwalimu alimwelekeza jikoni. Akaenda, akanywa chai, akarudi kukaa mstari wa mbele. "Chai yenu haijakolea," akawaambia. Kisa hicho alipenda kutusimulia, nasi tulicheka kila mara.

Alipata leseni mwaka 1977, akaajiriwa na Mzungu mmoja mwenye ofisi. Hapo ndipo ulipoanza ule mchezo. Mpima hutazama kwenye darubini, na msaidizi husimama mbali ameshika fimbo ndefu yenye namba. Lakini gari la mteja likitokea tu, dada alitakiwa akimbilie fimbo, naye dereva wa ofisi, Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia, akasimame nyuma ya darubini na kukunja uso. Maskini, hakujua hata afumbe jicho lipi! Mteja akiondoka, kazi inaanza upya. "Nani atamwamini mwanamke mweusi na mpaka wa shamba lake?" bosi alisema. Dada aliyameza hayo. Sisi nyumbani tulikula mshahara wake na hatukuuliza kitu.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na mwalimu, mtu mpole, wakajaliwa binti mmoja.

Bosi alipostaafu mwaka 1991, dada aliinunua ofisi ile. Tulishangilia mpaka majirani wakatoka nje. Kumbe mchezo haukuisha. Bwana Kofia alibaki, na wateja wakija, mwenye ofisi mwenyewe alikimbilia fimbo. Nilipomuuliza, alicheka kidogo tu. "Mazoea yana tabu, mdogo wangu."

Binti yake naye akasomea upimaji, akapata leseni, akaja kufanya kazi kwa mama. Asubuhi moja mwaka 2006 walikuwa kwenye kiwanja cha kujengea shule, wateja wakafika.

"Mwanangu, haraka, shika fimbo. Mwachie Kofia darubini."

"Mama! Hata wewe?"

"Shika tu, mwanangu, tusikose kazi."

Akaishika. Mteja alipouliza yule ni nani, dada akajibu, "Msaidizi." Jioni ile binti alifungasha vitu vyake, akaenda kutafuta kazi mji mwingine.

Mwaka 2021 dada aliugua figo. Binti alirudi kumuuguza, akamwogesha, akamlisha, wakaongea kila jambo isipokuwa lile. Siku chache kabla ya kufariki, dada aliniita.

"Naona aibu, mdogo wangu. Nilichofanyiwa mimi nimemfanyia mwanangu, na hapakuwa na bosi wa kunilazimisha."

"Si umwambie mwenyewe? Yuko hapo jikoni."

"Nimejaribu. Akiingia, ulimi unakuwa mzito. Halafu nilimvunjia heshima mbele za watu, siwezi kumwomba radhi chumbani. Waite wateja. Sema wewe."

Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 2023, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Wateja wake wa zamani, tuliwaita na mmekuja. Asanteni. Dada ameacha mume, mdogo wake mimi, na wajukuu wawili. Ameacha pia binti yake, yule aliyekaa pale na kitambaa cheupe. Huyo ni mpima ardhi. Alikuwa mpima ardhi hata siku ile mliposhuka kwenye gari mkampita bila salamu, na mama yake alijua.

Mwanangu, mama yako anakuomba radhi.

Nawe dada, lala salama, Mungu akupokee.