Ngoja, Mpimaji Aliyesimamisha Saa

Marehemu, ambaye nyumbani na mtaani kote aliitwa Ngoja, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Alizaliwa kabla ya siku zake. Kwa wiki sita mama yake alikuwa akikichungulia kifua chake kuona kama kinapanda na kushuka, na tabia hiyo haikumwisha hadi wiki iliyopita.

Jina la Ngoja alilipata akiwa na miaka saba, alipokuwa akimfundisha bibi yake kusoma kwa kitabu chake cha darasa la kwanza. Bibi alikwama kwenye neno, na wajukuu wengine wakataka kuropoka jibu. Yeye akanyoosha mkono: "Ngoja. Bibi anakuja." Bibi akasema, "Waambie, mjukuu wangu. Mimi sina basi la kuwahi." Leo bibi ameketi mbele na anaufuata wasifu huu kwa kidole kwenye karatasi yake.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, 2002 hadi 2008, kisha sekondari ya bweni, kisha shahada ya ualimu chuo kikuu. Alifundisha miaka mitatu darasa la watoto tisini na wawili. Mwaka 2022 alirudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya elimu na maendeleo ya kimataifa, akahitimu Novemba 2023. Mama yake, aliyeishia darasa la saba, alimuuliza masomo hayo ni ya kazi gani hasa.

"Ni kujua kwa nini mtoto anakaa shule miaka mitatu na bado hasomi, mama. Halafu kuwaambia wenye uwezo."

"Na wakishaambiwa?"

Alicheka tu. Mama hakucheka.

Alituma maombi ya kazi sitini na moja. Kila ofisi ilitaka mwenye uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kuanzia. Alijitolea miezi sita katika shirika moja, akiandika kumbukumbu za vikao ambamo hakuruhusiwa kufungua mdomo. Februari 2025 shirika hilo lilimpa mkataba wa miezi mitatu mitatu, usio na bima ya matibabu, awe mpimaji wa usomaji. Alikivaa kitambulisho chake shingoni hata jikoni. Mdogo wake akamtania, "Vua basi, hapa hakuna mlinzi." Akajibu, "Yupo. Anashona pale."

Hakujaliwa kuolewa. Alikuwa na mchumba, fundi wa majokofu, aliyekuja kujitambulisha Aprili akajikuta anafungua jokofu la nyumbani. Mjomba akamwambia, "Kijana, hilo likikushinda, huyu binti hutamweza." Jokofu lilipona.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtoto anaitwa peke yake, anapewa hadithi fupi, saa inabonyezwa. Asipotoa sauti kwa sekunde kumi za mwanzo, saa inazimwa na anaandikiwa sufuri. Shule yenye sufuri nyingi, mwalimu wake anaondolewa darasani. Jumatatu, tarehe 2 Juni, katika shule ya mwisho kabisa ya safari yake, watoto thelathini na wanane wa darasa la tatu walipata sufuri. Ngoja aliiona midomo yao inachezacheza. Mwalimu wao alikuwa amewazoesha kuusoma mstari kimya hadi mwisho, ndipo wausome kwa sauti. Walikuwa wanasoma. Saa ndiyo iliyokuwa na haraka.

Alimwandikia mratibu wake kuomba arudie kuwapima. Jibu lipo kwenye simu yake: "Wewe pima, usichambue." Jioni hiyohiyo aliandika tena kwamba ana homa kali, anaomba gari limpeleke hospitali. Jibu nalo lipo: "Meza vidonge. Gari linarudi Ijumaa."

Jumatano mama yake alimpigia simu. "Mbona unahema hivyo?"

"Nimepanda ngazi, mama."

Mama aliuliza mara mbili, akajibiwa hivyohivyo mara mbili. Baadaye dereva wa ofisi alimwambia, "Mama, shule ile haina ghorofa. Hata kizingiti haina." Dereva alitaka kumrudisha Alhamisi, lakini fomu ya gari haikuwa na sahihi ya mratibu.

Kumbe siku hizo zote, akimaliza kazi ya ofisi, Ngoja alikuwa akiwapima upya watoto wale, akibonyeza saa mtoto anapotamka neno la kwanza. Thelathini na mmoja walisoma vizuri.

Alifikishwa hospitali Ijumaa jioni, malaria ikiwa imeshampanda kichwani. Daktari alisema, "Angeletwa Jumanne, tungekuwa tunaongea mengine." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini. Mama yake alikuwa anakiangalia kifua chake. Kiliposhuka, alingoja kipande tena.

Ofisi ilileta maneno yake yaliyochapwa, ikiomba yasomwe hapa: kwamba alikuwa mchapakazi aliyetutoka "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Mama ameyakataa. Siku tano za kungoja gari si muda mfupi.

Ripoti ya ofisi bado imeandikwa sufuri, na mwalimu yule ataondolewa mwisho wa mwezi huu. Fomu thelathini na nane zilizosahihishwa zilikutwa kwenye mkoba wa Ngoja. Ziko mezani, kando ya kitabu cha rambirambi. Mratibu yupo hapa, safu ya tatu. Familia haitaki shada lake. Inataka azichukue fomu hizo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jeneza, kabla halijashushwa. Tutangoja.

Ngoja ameacha bibi, wazazi, wadogo wawili na mchumba wake.

Mola ampokee na kumpumzisha, asiwepo wa kumshikia saa.