Orodha ya Wanaosubiri

Benchi letu linatazamana na geti la kiwanda cha pampu. Tulilibeba wenyewe kutoka bwalo la kiwanda mwaka vita ilipoisha, hivyo hakuna wa kutuondoa hapo. Kiserikali sisi si wafanyakazi, wala si watu wasio na kazi: tuko “kwenye kusubiri”. Ndivyo karatasi za Bosnia zinavyotuita, mwaka wa tisa huu, na vitabu vyetu vya kazi, vyenye rekodi ya ajira ya kila mtu, vimefungiwa ofisini mle ndani. Asubuhi ile Zijad, mmoja wetu, hakugusa kahawa yake. Tunamwita Milimita kwa sababu hajawahi kukata chuma kikazidi. Karakana ya madirisha ya plastiki ilikuwa imempa kazi, mradi afike na kitabu chake, na ofisi inafunga saa sita. Lakini ukichukua kitabu umejitoa kwenye orodha, kiwanda kikifunguliwa huna chako. Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nayo.

— Usikichukue, jirani, alisema Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Waitalia wanakuja. Jana wamepima uwanja, nimewaona na utepe wao.

— Wanapima wajenge duka, alisema Milimita.

— Na umeme wa kiwanda waliouulizia, wa duka gani?

— Lenye majokofu.

— Hamjui kitu nyie! alisema Anto, zamani mtunza stoo, ambaye tunamwita Waziri tangu nchi ijae mawaziri. Kiwanda kimefungwa makusudi. Wajerumani wanaogopa pampu zetu. Iliyofungwa kisimani kwa mama yangu mwaka sabini na nne bado inavuta! Tukiwasha mashine, wao wamekwisha.

— Wanatuogopa sisi?

— Wanakuogopa wewe, Milimita. Una faili huko!

Redio hakukubali kupitwa.

— Faili si kitu. Chini ya kiwanda kuna ziwa. Ulaya itakauka, nao Waitalia wanataka wanunue kiwanda bei ya chee, wapate na ziwa.

Milimita akapiga benchi ngumi, kahawa ikamwagika.

— Miaka tisa mke wangu Senada ananilisha kwa kushona mapazia ya watu! Redio, wewe mwanao yuko Austria. Waziri, una ng'ombe. Mimi nina nini?

— Una nafasi yako mle ndani, alisema Waziri. Leo utoke wewe, kesho yule, orodha itabaki ya nani? Msaliti we.

Neno hilo kwetu si la utani. Watu wamezikwa kwa ajili yake. Milimita alisimama.

— Rudia.

Nilimshika mkono. Hapo ndipo Aldina, binti mgeni wa ofisini, alipovuka barabara na kitabu mkononi.

— Mjomba Zijad, kitabu ulichoomba nimekijaza, imebaki nafasi moja. Siku yako ya mwisho ya kazi ilikuwa lini?

— Aprili, tisini na mbili, alidakia Redio.

— Siku ile tulitoka kula tu, alisema Waziri polepole. Bomu likaanguka tuko kwenye supu. Nani alisema kazi imekwisha?

— Na majiko ya bati tuliyotengeneza wakati wa vita? niliuliza mimi. Ile haikuwa kazi?

— Hatukulipwa, alisema Redio.

— Kwa hiyo niandike lini? aliuliza binti, akitutazama mmoja mmoja. Nafunga baada ya dakika kumi, wazee wangu.

— Andika leo, alisema Milimita. Mashine yangu sikuizima mimi, umeme ulikatika. Basi nimeizima leo.

Binti akaandika, kitabu kikiwa gotini. Milimita alikitia ndani ya koti, akashuka kuelekea mjini bila kutuaga. Iliniuma. Waziri alimwangalia mpaka akakata kona, kisha akafuta mdomo na kumwita binti, aliyekwisha kufika getini.

— Mwanangu! Hebu ngoja. Kitabu cha Anto Barišić kiko karibu?